Mfuko wa Kwenda Ziwani

Wiki hii tumemaliza matanga ya Mama, na kazi ya kusafisha chumba chake nimeachiwa mimi. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Wageni wamekula, wamelia, wamelala kila pembe ya lupango letu, nyumba na uwanja wake, hapa mtaa wa Rwambuzi, kisha wakaondoka wakatuachia masufuria ya kusugua na ukimya ambao hakuna anayejua kuukalia. Niliingia chumbani na ufagio, nikavuta mlango ili nifagie nyuma yake, na mfuko ukaniangukia mguuni. Nilipofungua zipu harufu ikanijia usoni, ya naftalini, ya sabuni ya kipande na ya moshi wa makaa ulioganda kwenye blanketi tangu zamani. Nikaketi sakafuni palepale, na asubuhi ile sikufagia tena.

Ninyi wa rika langu mliokulia Bunia mnaujua mfuko huo bila kuuona. Kwenu labda lilikuwa sanduku la bati, au gunia. Kwetu ulikuwa mfuko mkubwa wa plastiki wenye miraba ya bluu na nyekundu, na ndani yake mlikuwa na blanketi, sufuria ndogo, chumvi na kiberiti vilivyofungwa ndani ya sashe ya plastiki, nguo zetu za kubadilisha, unga wa muhogo na karatasi za familia. Kila baada ya muda Mama aliutoa unga uliozeeka, tukaula, akatia mwingine mpya. Alifanya hivyo bila kusema neno, kama vile mtu anavyobadilisha maji ya mtungi. Mimi nilidhani ndivyo nyumba zote zinavyojengwa, unaweka mlango, na nyuma ya mlango unaweka mfuko.

Siku moja, nikiwa bado katika madarasa ya chini, nilimwuliza.

"Mama, ile mufuko ni ya kwenda wapi?"

Alikuwa kwenye mashine yake ya kushona, ana sare za shule za watu za kumaliza. Hakugeuka.

"Ya kwenda ku ziwa," akasema, na mguu wake ukaendelea kukanyaga.

Mtu mzima angeelewa na kunyamaza. Mambo yakiharibika huku juu, bunduki zikianza kulia, wengi wetu hushuka mteremko hadi Kasenyi, ziwani, kutafuta mtumbwi wa kuwavusha kwenda Uganda. Mama alikuwa ameishuka njia ile akiwa amenibeba mgongoni, alipoacha mashamba yao upande wa Iga Barrière, na akaishuka tena mara nyingine ambayo mimi siikumbuki. Lakini nilikuwa mtoto. Katika kitabu chetu cha kusomea mlikuwa na picha ya familia imekaa kwenye mchanga kando ya maji, baba amelala kifudifudi, watoto wana mpira, na karibu yao kuna mfuko. Nikaiangalia picha, nikaukumbuka mfuko wetu, na mambo yakajipanga yenyewe kichwani mwangu. Kumbe siye pia tulikuwa watu wa kwenda ziwani, ila tulikuwa tunachelewa.

Basi nikaanza kusumbua. Tunaenda lini? Jumapili? Noeli? Nilimwambukiza na mdogo wangu Furaha, ambaye hakujua ziwa ni nini lakini alijua kulilia kitu. Mama hakutujibu hata mara moja. Baba ndiye aliyesikia.

Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, na mara kwa mara alitumwa Kasenyi kuchukua samaki. Jioni moja tukila, akanawa mikono, akakohoa kidogo, namna yake ya kuanza jambo alilolifikiria sana barabarani.

"Batoto banaimba ziwa kila siku," akasema. "Patron ananituma kule wiki hii. Twende wote na kamio. Tutabaki kwa rafiki yangu siku mbili, tatu, samaki zikikauka tunarudia."

"Kwenda kufanya nini?" Mama akauliza.

"Kupumzika. Vakansi. Nimeona batu kule, banakaa pembeni ya maji na batoto yabo. Banakaa tu. Habangojei kitu."

Mama akakusanya sahani, moja juu ya nyingine. "Miye sijue namna ya kukaa vile," akasema.

"Njo maana ninataka uende," Baba akamjibu. "Tangu nakuoa, sijaona unatoka mu hii nyumba kama hakuna mutu anakufukuza. Mara moja tu, Mama. Utoke na roho yako, urudie na roho yako."

Nakumbuka vizuri kwamba Mama hakubishana zaidi. Alichukua sahani akaenda nje, na sisi watoto tukarukaruka kitandani hadi mbao ikavunjika.

Siku ya kufunga mizigo Baba alileta lori mapema, akaliegesha mbele ya lupango letu, mkia ukitazama mlango, kisha akaenda kutafuta mafuta na mtu wa kumtazamia breki. Kabla ya kuondoka alimwambia Mama afunge nguo kidogo, na mkate. Mama akaitikia. Nadhani alikusudia kweli kufunga nguo kidogo na mkate. Lakini mikono yake ilikuwa na mazoea yake, na mikono ikishajifunza namna moja ya kufunga mizigo haikuulizi tena unakwenda wapi.

Alianza kwa kuutoa mfuko nyuma ya mlango. Kisha akalivingirisha godoro akalifunga kwa mipira ya baiskeli, akalikaza kwa goti. Akatia unga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo juu ya unga, vikombe ndani ya ndogo. Akanituma nimkamate kuku, tukamfunga miguu. Bidoni za maji. Mkeka. Halafu akasimama mbele ya mashine ya kushona kwa muda, akachukua bisibisi, akafungua skrubu moja moja, akakitoa kichwa cha mashine mezani kwake na kukivika blanketi. Mashine ya kwanza aliyokuwa nayo ilibaki kwenye nyumba waliyoikimbia, na hakuna aliyejua iliishia wapi. Hii ya pili hakuwa mtu wa kuiacha. Nilimsaidia kuibeba hadi kwenye lori, yeye mbele, mimi nyuma, chuma kizito kikinigonga magoti, na nilikuwa na furaha kiasi cha kutapika.

"Usiambie mutu tunaenda wapi," alikuwa ameniambia. Hayo nayo yalikuwa mazoea. Safari haitangazwi, wezi wasije wakasikia.

Ng'ambo ya ua wa miti ya miyenzi aliishi Mama Neema, rafiki mkubwa wa Mama, na binti yake Neema ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Mama Neema alikuwa anaanika nguo. Alituona na mashine. Akaona kuku, akaona godoro, akaona mkia wa lori ulivyogeuzwa. Akaniita kwa kidole, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Weye mutoto. Munaenda wapi?"

Nikafunga mdomo, nikatikisa kichwa, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi.

"Baba yako amesikia nini mu njia?"

Nikatikisa kichwa tena. Akanitazama hadi nikaona haya. Na kwa kuwa siri ilikuwa inanichoma ulimi, nikamwambia kwa kunong'ona, "Tunaenda ku ziwa."

Alirudi kwenye kamba yake akaanza kuanua nguo zilezile alizokuwa ameanika, zinachuruzika maji, akazirundika begani, blauzi yake ikalowa chapachapa. Nilimshangaa kidogo, kisha nikarudi kazini.

Jueni namna mtaa wetu ulivyokuwa ukipata habari. Redio ilisema mambo yakiwa yamekwisha. Wakubwa hawakusema kabisa. Wa kwanza kujua walikuwa madereva, kwa kuwa wao ndio hukutana na njia iliyofungwa. Kwa hiyo watu walikuwa wanatazama nyumba za madereva. Mke wa dereva akitoa godoro nje ili viroboto wake wapigwe jua, kuna mtu mahali fulani anahesabu watoto wake. Na sasa mke wa dereva alikuwa ametia mashine ya kushona kwenye lori, na mtoto wake amesema ziwa.

Nilianza kusikia kuku wa watu wakikimbizwa. Masufuria yakagongana nyumba ya tatu, kisha nyumba ya saba, kisha upande wa pili wa barabara. Mtu akawa anang'oa mlango wake, ule wa mbao nzuri, maana kuna waliojifunza kutoacha hata mlango. Watu wakapita mbele yetu na mabunda vichwani, hawakimbii, wanatembea haraka na kutazama chini. Neema akatokea amevaa nguo tatu, moja juu ya nyingine.

"Na siye tunaenda," akaniambia.

Nikamkumbatia. Nilidhani Mama amebadili mawazo na kualika avenyu nzima, barabara yetu yote. Nikamkumbusha Neema achukue kamba ya kuruka, nikamwambia Furaha kwamba samaki watatosha wote, na nilipoona watu wameanza kupandisha mizigo yao kwenye lori letu nikasimama kwenye tairi nikiwaelekeza. Bibi mmoja wa nyumba ya mwisho, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa, wajukuu walimbeba wakamkalisha juu ya godoro letu, na kikapu chake mapajani. Nikamwambia, "Bibi, utaona maji mingi." Akanijibu kwamba ameyaona, mwanangu, ameyaona ya kutosha, na akafumba macho.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akizima moto. Alipotoka na kukuta lori limejaa, alisimama mlangoni na jivu mikononi. Wakati huohuo Baba naye akafika, bidoni ya mafuta mkononi.

"Banaye, munaenda wapi?" Baba akauliza.

"Kule munaenda," mtu akajibu kutoka juu ya lori.

"Siye tunaenda kupumzika!"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitia hofu kwa mara ya kwanza siku ile. Mama Neema akasogea mbele, nguo mbichi bado ziko begani, na hakumtazama Baba. Alimtazama Mama.

"Tumelala mu kanisa moja na weye, siku ile ya kukimbia," akasema. "Batoto yetu banakunywa mu kikombe moja. Na leo unabeba mashini yako kimya, unaniacha miye ninaanika nguo? Kama hauna nafasi mu kamio, sema. Lakini uniambie. Mutu anaambia mwenzake."

"Mama Neema, ni vakansi."

"Vakansi na matela?" Akalinyoshea godoro kidole. " Vakansi na mashini?"

Nilimwona Mama akigeuka kuitazama mizigo yake kana kwamba imefungwa na mtu mwingine. Sijui kama mnaelewa aibu ya namna hiyo. Rafiki yake alikuwa anamwita mtoro, na ushahidi wote ulikuwa pale juu, umefungwa vizuri kwa mipira ya baiskeli.

Wakamwita shefu wa avenyu, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Alimsikiliza Baba, akamsikiliza Mama Neema, akazunguka lori. Yeye mwenyewe, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa ameshamtuma mke wake mbele na watoto.

"Muzuri," akasema mwishoni. "Mutu anaenda kupumzika, anaacha nyumba yake kama iko. Teremusha mashini, Mama. Kama mashini inabaki, na siye tunabaki."

Avenyu nzima ikageuka kumtazama mwanamke mmoja. Baba angeweza kupanda kuiteremsha yeye mwenyewe, na aliinua mguu, kisha akaushusha. Alijua haikuwa kazi yake.

"Na kama njia inafunga tukiwa kule?" Mama akamwuliza, taratibu, kama vile walikuwa peke yao.

Baba alikuwa dereva. Hakuweza kumdanganya kuhusu njia. "Sijue," akasema. "Tutarudia kwa muguu."

Mama akapanda. Alimwomba radhi bibi aliyekalia godoro, akakifikia kichwa cha mashine, akakikumbatia ndani ya blanketi lake na kushuka nacho mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Akatembea hadi kwa Mama Neema, akakiweka mikononi mwake. Mama Neema akaangusha nguo zake zote chini kwenye vumbi ili akipokee.

"Unichungie," Mama akasema.

"Nitakuchungia."

Hapo watu wakaanza kupumua. Mmoja akacheka, mwingine akatukana, yule wa mlango akauliza nani ana misumari. Bibi akateremshwa. Kuku wetu akafunguliwa, godoro likarudi ndani, na sufuria na bidoni na mkeka. Ukabaki mfuko. Mama aliushika mkononi, na alikuwa tayari kuupandisha mbele, karibu na Baba.

"Hata ile," Mama Neema akasema, kwa upole sasa.

Mama aliingia nao ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa na kikapu chenye nguo zetu na mkate, na mkono wake wa pili, ule mtupu, haukujua pa kukaa. Ulishika kiuno, ukashika kikwembe alichojifunga, ukanishika mimi begani. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu avenyu ilikuwa imealikwa na sasa imekataliwa.

Tukaenda, siye peke yetu. Njia nzima Mama alikaa amenyooka, akitazama nyuma kwenye kioo cha pembeni. Kwenye mteremko joto likatupokea, na harufu ya samaki ikaingia madirishani, kisha maji yakaonekana chini, meupe kwa jua. Furaha akapiga kelele. Nikamtazama Mama nione kama amefurahi, lakini yeye bado alikuwa akitazama kioo.

Na sasa niwaambie alichofanya ziwani. Alilala. Mwenyeji wetu alitandika mkeka kivulini kando ya ukuta wake, hatua chache na mchanga, Mama akajinyoosha aujaribu, na hakuamka hadi jua lilipoinama. Akala kidogo, akalala tena. Kesho yake vilevile. Baba alikaa kando yake akiwafukuza nzi kwa kofia, na tulipokuja na miguu yetu yenye maji alitunyoshea kidole tunyamaze. Nilijifunza kuzamisha kichwa na kufumbua macho majini, na Mama hakuniona. Niliokota konokono mzuri nikamwekea kiganjani, kiganja hakikufumba. Nikahitimisha kwamba hapendi ziwa, au anaumwa, au bado ana uchungu kwa ajili ya mashine. Niliudhika sana. Nilikuwa nimengoja muda mrefu kuwa ile familia ya kwenye kitabu, na wetu aliyelala alikuwa si baba bali mama, na hakuna mpira.

Tuliporudi, njia ilikuwa wazi. Mama Neema alikuwa amekitandikia kichwa cha mashine kitandani mwake, yeye na binti yake wamelala chini. Akamwuliza Mama, "Ziwa iko namna gani?"

"Muzuri," Mama akasema. "Muzuri sana, Mama Neema. Ni kitu siwezi kukuelezea."

Nikamtazama kwa mshangao, kwa kuwa hakuwa ameliona. Miaka ikapita, na siku nyingine tulikimbia kweli, na mfuko, na mashine, na Mama Neema kando yetu. Vakansi haikurudi tena. Lakini mpaka uzee wake, mtu akitaja kupumzika, Mama alikuwa akisema kwamba yeye ameshapumzika, mara moja, ziwani, na kwamba ilikuwa kitu kizuri. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, nina masikio yanayosikia pikipiki ikisimama mbali usiku. Sasa namwamini neno kwa neno. Ninamwonea hata wivu.

Basi nikautoa mfuko nje, nikakunjua blanketi, nikalitundika kwenye kamba lipate jua. Unga ulikuwa mpya. Chumvi ilikuwa mpya. Alikuwa anakufa, hawezi kufika chooni bila kushikwa, na bado alikuwa amepata namna ya kubadilisha chumvi. Nililia hapo, uani, mbele ya kuku.

Kisha nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya miyenzi. Ilikuwa Neema, ambaye amebaki katika lupango la mama yake. Alikuwa ameshaanua nusu ya nguo zake.

"Dada, iko nini? Munaenda?"

"Hapana, Neema. Ninaanika tu. Ni ya Mama."

Akanitazama kwa muda, akipima. Kisha akaanza kuzirudisha nguo kwenye kamba, moja moja, bila haraka, na mimi nikamngoja amalize kabla sijashika kitu kingine.

Jua lilipopungua nikalikunja blanketi. Nilikuwa nimepanga kugawa vile vitu. Badala yake nikapanga kila kitu kama kilivyokuwa, sufuria, kiberiti, chumvi, nikaongeza nguo za wanangu, na nikaubeba mfuko hadi chumbani kwangu. Mtoto wangu wa mwisho, ambaye ameanza shule juzi tu, alinifuata akinishika kikwembe, akanitazama nikiusukuma nyuma ya mlango.

"Mama, ile mufuko ni ya kwenda wapi?"

Nilikuwa nimechoka sana. Nikafunga mlango taratibu, mfuko usije ukaanguka.

"Ya kwenda ku ziwa," nikamwambia.